Kofia ya Nyaya Nilipoivaa Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja katikati ya jiji, Fundi Mkuu alinikabidhi kitana na pamba. "Kichwa kichafu, kipimo kichafu," akasema. Kazi ilikuwa kupima umeme wa ubongo: unatenganisha nywele, unasugua ngozi, unapaka jeli, kisha unabandika nyaya. Aliyesukwa nywele alifumuliwa kwanza, na lawama zote zangu. Niliipenda kazi ile. Mstari kwenye karatasi haukununii.

Baadaye nilihamia kituo cha utafiti Kileleshwa, chini ya Daktari Mtafiti, mama asiye na maneno mengi. Alichunguza usonji, yaani "autism": ubongo unavyopokea uso wenye hasira, hofu, huzuni au furaha. Uso ukitokea kwenye skrini, wimbi huinuka kabla hata hujapepesa. Kwa wengi wenye dalili za usonji, wimbi hilo huchelewa kidogo. Si wote, na si kwamba hawana huruma. Hapo, vijana, msinielewe vibaya.

Sheria ilikuwa moja: picha mpya haonyeshwi mtu aliyekuja kupimwa kabla fundi hajavaa kofia ya nyaya, akajaza mwenyewe fomu ya kutaja hisia ya kila uso. Kila uso, jibu moja.

Wiki picha mpya zilipofika, nyumbani Mutuini mambo yalikuwa mabaya. Mke wangu, Mama Nafula, alikuwa amepigiwa simu kwamba mamake amelazwa. Nikaingia, nikamkuta amekaa kimya, nikauliza kama gesi imeisha.

"Nimekaa hapa roho inaniuma, Baba Nafula, na wewe unaniuliza gesi! Miaka yote hii! Kesho naenda kwetu, na sijui kama nitarudi."

"Si ungeniambia?"

Ai! Hapo ndipo nilipomwaga mafuta motoni.

Asubuhi nilivaa kofia. Wimbi langu lilichelewa kwa karibu kila uso. Hofu niliiandika mshangao, huzuni nikaiandika utulivu.

"Daktari, mashine imeharibika."

Tukabandika nyaya upya, tukarudia. Yale yale.

"Mashine ni nzima," akasema. "Na hiki si cheti cha ugonjwa, mzee. Mtu haamuliwi kwa wimbi moja. Lakini nyumbani, unajuaje mtu ameumia?"

"Akiniambia."

"Basi mwombe akuambie."

Niliona aibu, sifichi. Nikaomba ruhusa, nikamkuta mke wangu anafunga mfuko.

"Mama Nafula, uso wako nauona, ila siusomi. Si kwamba sikujali. Niambie kwa mdomo."

Alinitazama sana. Sikujua ana nini.

"Nina hasira," akasema mwishowe. "Na naogopa mama atakufa."

Nikaubeba mfuko. Tukasafiri pamoja, tukarudi pamoja.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku. Mkiniuliza kazi ilinifunza nini, nitasema: kuuliza. Siku ya kuniaga, Mama Nafula alisimama kando ya keki, machozi yanamtoka na meno yote nje. Nikamwinamia.

"Hiyo ni huzuni au furaha?"

"Ni zote mbili, mzee wangu," akasema. "Andika zote mbili."