Jani Bila Kifundo

Mkuu wa idara ana mmea unaotambaa. Umetoka chunguni, ukapanda kabati la mafaili, ukazunguka dirisha, mrefu kama hotuba zake na mtupu vilevile: majani yote yako nchani, shina lililobaki ni kipara. Karani wake, anayetamani mche mmoja tu wa kuchangamsha meza yake inayotazama ukuta, husimama wima kila mkasi unapotolewa. Mkuu hukohoa, hupangusa makali kwa tai, hupapasa shina kwa vidole laini visivyowahi kuhamisha hata kiti, kisha hukata jani juu ya kifundo cha shina, akikiacha kifundo chenyewe, ambacho ndicho huota mizizi. "Haya, binti yangu, kaliweke kwenye maji. Mie sina choyo." Jani likioza glasini, hutikisa kichwa kwa huruma. "Mkono wako mzito. Huu wangu una baraka."

Juzijuzi alifungua dirisha kwa pupa, kipande cha shina kikakatika pamoja na kifundo chake. Karani akakiokota, akakitia glasini, kikatoa mizizi myeupe. Mkuu alipoiona, tabasamu lilimkauka.

"Umekikata wapi?"

"Kilianguka, mzee."

"Basi kirudi kwao." Akakichomeka katika chungu chake, kikaziba kipara barabara. Kisha, kwa moyo wake mkunjufu, akamkatia karani jani jingine.

Karani alilitazama jani, akakitazama kifundo kilichobaki shinani.

"Asante, mzee," akasema, akimrudishia. "Sasa nikatie penye baraka."