Tisa Walitoka, Tisa Wataimbwa

Saa moja asubuhi kaa wa kwanza wanamwagwa mezani, bado wanafuka mvuke, na Neansa Ní Dhireáin anaanza kuvunja magando. Analishika gando kwa mkono wa kushoto, analigonga mara moja kwa mgongo wa kisu, anachomoa nyama nyeupe ikiwa nzima. Hatazami anachofanya. Anatazama mlango, kwa sababu ameambiwa leo kuna mgeni, na mgeni huyo hamtaki.

"Akija mwambieni nimekufa," anasema.

"Atakuja mazishini," anajibu Baibín Ní Loideáin, anayefanya naye kazi meza moja tangu ujana wao. "Atasema uzikwe kwa dakika tano."

Meza nzima inacheka. Neansa naye anacheka, kisha kicheko kinageuka kikohozi, na kikohozi kinakataa kwisha. Anavua glavu, anatoa inhela mfukoni mwa aproni, anavuta mara mbili. Hakuna anayemtazama. Hapa kiwandani mtu akikohoa hatazamwi.

Neansa ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kiwanda hiki cha kaa cha Ros na Lúb, pwani ya Konamara, kinamlipa yuro kumi na nne na ushee kwa saa, na kimempa pumu. Mvuke wa kaa ukivutwa kwa miaka mingi huharibu mapafu ya baadhi ya watu, na daktari amemshauri aache kazi kabla ya majira ya baridi. Amemjibu kwamba ataacha akipata kazi nyingine iliyo karibu na kwake. Hajaipata, na daktari hakumtajia yoyote.

Nje ya kiwanda, hakuna anayemkumbuka kwa kaa. Anajulikana kama mtu pekee aliyebaki anayeuimba wote wimbo wa Inis Lonáin: beti tisa, kwa Kiayalandi, kwa sauti tupu isiyo na ala, dakika kumi na nne ikiwa pumzi inaruhusu.

Habari ya wimbo huo haina mabishano. Februari 1907 wanaume tisa wa Ros na Lúb walivuka hadi kisiwa cha Inis Lonáin kukata mwani wa kurutubisha mashamba ya viazi. Walirudi alasiri, mashua imejaa hadi ukingoni. Upepo uligeuka, na mashua ikazama mahali ambapo wake zao, wakiwa milangoni, waliweza kuiona. Miili saba ilirudishwa na maji katika wiki tatu zilizofuata. Imelala safu moja nyuma ya kanisa. Wawili hawakupatikana: Beairtle Ó Loideáin na Féilim Ó Direáin.

Mjane wa Féilim, Sadhbh, ndiye aliyeutunga wimbo. Alimpa kila mtu ubeti wake, kwa mpangilio waliokaa mashuani, kuanzia mbele hadi nyuma. Wa kwanza anasifiwa kwa misumari aliyoipigilia. Wa sita, Beairtle, anatajwa kwa kikapu cha mwani alichombebea jirani mwenye mguu mbovu. Wa tisa, aliyeshika usukani, ni Féilim. Beti nyingine zina mistari minane. Wa Féilim una miwili. Sadhbh aliishia hapo, na hakuna aliyewahi kuuongezea.

Neansa ni kitukuu chake. Baibín ni kitukuu wa Beairtle. Kwenye meza hii ya kaa, kati ya wanawake saba, watano wana mtu wao ndani ya wimbo.

Mgeni anafika kantini wakati wa chai. Ni Fiachra Ó Tuathail, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mratibu wa tamasha la uimbaji wa kale linalofanyika mjini Jumamosi hii. Si mtu wa kuja. Amezaliwa nyumba ya tatu kutoka kiwandani, na babu wa baba yake, Labhrás, ndiye wa nne katika wimbo. Bango la tamasha lake lina picha ya Neansa akiwa amefumba macho. Chini yake imeandikwa: Tulinde Urithi Wetu.

"Karibu, mwana wa Peadar," anasema Neansa. "Keti. Mkate ule, siagi ile. Jibu ni hapana."

"Sijasema kitu, shangazi."

"Nakuokolea muda. Nasikia mjini hamna muda."

Fiachra anaketi na kueleza hoja yake, nayo si hoja ya kipuuzi. Kila mwimbaji amepewa dakika tano. Mwaka jana walipoacha watu waimbe watakavyo, nusu ya ukumbi ilikuwa tupu kabla ya saa kumi na moja. Redio itarusha tamasha moja kwa moja. "Maelfu ya watu watausikia," anasema. "Ukumbi wa parokia unaingiza watu arobaini, na kumi kati yao ni viziwi. Beti tatu zikisikika zitamfanya mtu atafute zilizobaki. Beti tisa zisiposikika, zitakufa na wewe. Samahani kusema hivyo."

"Usiombe samahani. Ni kweli nitakufa," anasema Neansa. "Haya, tuchague. Tunamwacha nani majini?"

"Wa kwetu," anasema Fiachra bila kusita. Ni wazi alikwisha kulifikiria. "Mtoe Labhrás. Natoa ruhusa."

"Umemuuliza mama yako?"

Kantini nzima inapasuka kicheko. Fiachra anakuwa mwekundu hadi masikioni, lakini hanyanyuki.

"Mama hajambo," anasema. "Na wa sita je?"

Baibín anaweka kikombe chini. "Labhrás ana kaburi. Nalipita kila Jumapili, na maua yake huwa mazuri kuliko ya mama yangu. Beairtle kaburi lake ni ule ubeti. Ukiutoa, nikaweke maua wapi? Redioni?"

"Sikumaanisha ubaya, dada."

"Najua. Ndiyo maana bado unakunywa chai yangu."

Kisha Fiachra anafanya kosa ambalo ni mtu wa Ros na Lúb tu angeweza kulifanya, maana mgeni asingejua wimbo unavyoisha. Anasema kwamba ubeti wa tisa ni nusu. Anasema watu wa mjini watadhani mwimbaji amesahau. Anapendekeza wimbo uishie kwa wa nane, ambaye ubeti wake ni kamili.

Hakuna anayecheka. Mwanamke mmoja anaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vina chai.

"Huyo ni wangu," anasema Neansa. Hapandishi sauti. "Sadhbh alitunga mistari sitini na minne kwa waume wa wenzake. Kwa wake aliweza miwili. Unataka nimwambie miwili hiyo haitoshi? Kama mnataka wimbo mfupi, Fiachra, tafuteni ajali iliyoua wachache."

Anavaa glavu na kurudi kazini dakika sita kabla ya kengele.

Ukali wa Baibín una historia, na ananisimulia mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, mimi mwandishi niliyekaa nao tangu asubuhi. Miaka miwili iliyopita, kwenye mkesha wa msiba, Neansa alianza wimbo akiwa na kifua kibaya. Alipomaliza wa tano aliruka hadi wa saba. Kwa desturi ya hapa mwimbaji hakatizwi. Anaweza kutupiwa neno la kumtia moyo, basi. Baibín, akiwa kwenye kona, alisema kwa sauti: "Na Beairtle?"

"Chumba kiliganda," anasema. "Hata marehemu nadhani alishtuka."

Neansa alinyamaza, akarudi mwanzo, akaimba wote tisa. Kwa wiki mbili baada ya hapo wanawake hao wawili walisimama meza moja bila kusemeshana.

"Nilikuwa nampitishia magando kimya kimya," anasema Baibín. "Mpaka siku moja akaniambia, 'Kama huniamini, njoo unishike mkono.' Nikaenda."

Kushikana mkono ndiyo namna ya uimbaji wa huku. Mwimbaji hugeukia ukuta, au hukaa ameinamisha kichwa, na msikilizaji mmoja huushika mkono wake na kuuzungusha polepole kwa mwendo wa wimbo. Tangu siku ile Baibín ndiye mshika mkono wa Neansa. Kila ubeti unapokwisha hukibana kidole kimoja. Wa kwanza ni kidole gumba. Wa sita, kwa kuwa vidole vya mkono mmoja vimekwisha, ni kidole gumba tena, na hicho, Neansa anasema, hubanwa mpaka kinauma.

"Sasa niambie," anauliza Neansa, "kwenye jukwaa lao kipaza sauti kinakaa wapi? Nikigeukia ukuta, nakipa mgongo. Nikikishika kwa mkono, huyu atashika nini, sikio langu?"

Siku iliyofuata, ujumbe wa tamasha ulifika kwa simu: jina la Neansa limeondolewa kwenye ratiba. Bango halikuondolewa. Bado liko kwenye dirisha la duka la Ros na Lúb, na mtu ambaye hajajulikana ameandika juu yake kwa kalamu nene: YUKO NYUMBANI.

Kwa maana Neansa ameamua. Jumamosi saa tisa alasiri, saa ileile aliyopangiwa mjini, atauimba wimbo wote katika ukumbi wa parokia. Hakuna jukwaa na hakuna kiingilio. Mwenye ukumbi, ambaye ni kamati ya kanisa, aliuliza kama saa hiyo haiwezi kusogezwa ili watu wasilazimike kuchagua.

"Nataka wachague," anasema Neansa.

Wa kwanza kuchagua alikuwa mama yake Fiachra. Alipiga simu ofisi ya kiwanda, akamtaka msimamizi ampelekee Neansa ujumbe mezani, neno kwa neno. Msimamizi, mtu mpole kutoka Poland, aliupeleka akiwa hana hakika anasema nini: "Labhrás harudi majini. Nitaleta keki."

Fiachra mwenyewe, nilipompigia, hakujitetea. "Mimi nitakuwa mjini, ndiyo kazi yangu," alisema. "Bado naamini nina hoja. Mama ameshaniambia Jumamosi nijipikie." Kisha aliuliza kama ukumbini kutakuwa na mtu wa kurekodi. Nilimwambia binti wa Baibín ana simu nzuri. "Mwambie asiiweke mbele yake," alisema. "Aiweke ukutani. Sauti itaenda huko."

Nilipompa Neansa ushauri huo, alitikisa kichwa. "Si mjinga, yule mtoto," alisema. "Ndiyo maana ananiudhi."

Swali lililobaki ni la mapafu. Wiki hii amekohoa kila siku. Jumatatu alijaribu wimbo jikoni kwake na pumzi ikamwishia katikati ya wa saba. Binti yake, aliye Australia, amemwomba aimbe beti chache tu, na kumwambia kwamba hakuna atakayemlaumu. Neansa amemjibu kwamba Baibín atamlaumu, na anaishi karibu zaidi kuliko Australia.

Ijumaa, kengele ya jioni inalia. Anasuuza kisu, anakitundika, anafungua aproni. Namuuliza atafanya nini pumzi ikiisha tena, mbele ya watu, kabla hajafika kwa Féilim.

"Nitakaa," anasema. "Nitakunywa maji, nitavuta dawa yangu. Baibín atakishika kidole tulichofikia, tusipotee. Kisha nitaendelea. Ikichukua mpaka usiku, iwe usiku. Watasubiri."

Anavuta zipu ya koti hadi kidevuni.

"Wenyewe wamesubiri tangu 1907."