Trekta la Kahawa Kwenye Majaruba ya Lipingo

Mume wangu Damiano alitoa shamba langu la mpunga ili aachiwe trekta. Hakuniuliza. Nilikuwa nimesimama karibu naye, matope yamenifika magotini, nikamsikia akilitoa.

Shamba hilo la Lipingo aliniachia baba, kwa kuwa kaka yangu alivuka ziwa kwenda Malawi na hakurudi. Mimi ni Mnyasa, niliolewa milimani Mbuji nikiwa binti. Huko nilijifunza kuchimba ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usiporomoke, na tangu hapo mgongo wangu haujanyooka. Mvua zikikaribia nilishuka ziwani kulima mpunga kwa jembe la mkono, kisha nikapanda tena mlima kupalilia kahawa ya Damiano. Nilichoka. Ndiyo maana Damiano na mdogo wake walipoanza habari za trekta nilikubali upesi, nikauza mpunga wangu wote tukaongezea.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuingia Mbinga. Aloyce, mdogo wa Damiano, alimkusanyia kahawa mmoja wao. Mbele yangu walisema trekta ni la mpunga.

Tulikwenda upande wa Songea, kwenye shamba lililokuwa likifungwa. Matrekta yalikuwa mawili, yote yametumika. Moja lilivuta kwa matairi ya nyuma tu, na liliuzwa pamoja na tela. Lingine lilivuta kwa matairi yote manne, halikuwa na tela, na ekseli yake ya mbele ilivuja mafuta. Fundi wa pale, Bernadi, aliuliza litafanya kazi wapi.

"Mbuji, kubeba kahawa," Aloyce akasema.

"Lipingo, kwenye majaruba," nikasema mimi.

Bernadi akacheka. "Basi nunueni yote mawili."

Kisha akatueleza bila mzaha. Barabarani la matairi mawili linatosha, halili sana dizeli, na vipuri vyake havisumbui. Lakini kwenye tope la mpunga matairi ya nyuma yakianza kuteleza yanajichimbia kaburi, kwa sababu yale ya mbele hayasaidii kuvuta. Nikamwambia Damiano tuchukue la manne, huko kuvuja kutazibwa. Aloyce akanigeukia.

"Shemeji, tangu lini umeendesha hata baiskeli? Likikwama tutaleta wanaume wanne wasukume. Hayo ndiyo matairi yako manne."

Wakacheka, Damiano naye. Wakalipia lenye tela.

Kiangazi chote lilibeba kahawa ya Aloyce. Kila nilipouliza niliambiwa nisubiri, bado mzigo mmoja. Likashuka Lipingo maji yakiwa yamekwisha kujaa. Halikumaliza hata jaruba la kwanza. Matairi yalizunguka palepale, likazama mpaka tumboni. Wanaume walisukuma mpaka wakakaa chini. Tuliweka magogo, tope likayameza.

Aloyce akaamua kuyatoa maji. Akachukua jembe, akakata tuta linalotutenga na Lusia, jirani yetu mjane, bila hata kumwita. Maji yakaenda kwa nguvu, yakang'oa mpunga ambao Lusia alikuwa ametoka kuupandikiza, na uliobaki ukafukiwa. Trekta likatoka kwa kamba na watu wengi. Wazee wa kijiji wakalizuia hapohapo mpaka Lusia afidiwe.

Magunia ya mwisho ya Aloyce yalikuwa bado yamelala Mbuji, na tajiri wake alikuwa akiyaulizia. Damiano hakufikiri sana.

"Chukueni shamba hili," akawaambia wazee. "Trekta niachieni."

Mzee mmoja akamwuliza kama shamba ni lake.

"La mke wangu," akasema. "Ni kitu kimoja."

Nikasema si kitu kimoja. Aloyce alikuwa amekwisha kuwasha trekta, sauti yangu ikapotea, na wazee wakampa Lusia shamba.

Trekta bado linabeba kahawa, na Mbuji mimi bado nachimba ngoro. Mchele nanunua sokoni kama mtu asiyejua unakotoka. Lusia simdai kitu, aliharibiwa akafidiwa. Aloyce hajawahi kumwomba radhi kwa lile tuta, hilo analo yeye. Shamba namdai Damiano. Nimemwambia nyumbani, nimemwambia mbele ya ndugu zake, anajibu tutaona. Nampikia, anakula, tunalala. Shamba la baba hajanirudishia.