Siku Niliyoipeleka Ndege Kwenye Tope

Nakiri mapema, asije mtu akadai nilificha: ile ndege iliyonasa kwenye tope pale uwanja wetu mdogo, ile ambayo video yake ilizunguka mpaka Bomani na dada yangu akanipigia simu kuniuliza kama nimerogwa, ni mimi niliyeipeleka pale. Si upepo, si rubani, si shetani. Ni mimi, kwa mikono yangu miwili, na hakuna aliyenilazimisha.

Mume wangu Marwa alikuwa mlinzi wa uwanja huo (nasema uwanja, lakini msifikirie majengo, ni njia ya changarawe iliyonyooka katikati ya nyasi, kibanda kimoja cha bati, ule mfuko mwekundu wa kuonyesha upepo juu ya mlingoti, na vilima vya Serengeti kwa mbali, pazuri kiasi kwamba watalii wakishuka wanapiga picha hata nyasi tupu). Kazi yake ilikuwa kufukuza pundamilia na ng'ombe wa watu ndege inapokaribia, kisha kusimama penye ardhi ngumu ili rubani ajue pa kuegesha. Aliifanya miaka tisa. Akaugua ghafla, akafariki. Mimi si mtu wa kelele. Msibani wanawake walilia mpaka sauti zikakauka, mimi nilikaa kwenye mkeka kimya, na wapo waliosema sikumpenda. Sikuwajibu. Nilinyolewa nywele kama inavyotakiwa, nikarudi shambani.

Wiki ya tatu nikasikia meneja wa kambi ya watalii, ambaye uwanja uko chini yake, anatafuta mtu wa kushika nafasi ile, na Jumatatu atamchukua kijana mmoja. Nikaamua kwenda kurudisha koti la kazi la Marwa, lile la njano lenye mistari inayong'aa, na hapo hapo niombe mimi. Kazi niliijua. Nilimpelekea chakula kila siku, na mara nyingi yeye akila mimi ndiye niliyefukuza pundamilia. Nina watoto wanne na shamba moja, kwa hiyo sikuwa naenda kutembea. Njia nzima kutoka nyumbani Ringwani nilikuwa napanga maneno, maana kuongea na wakubwa kunanishinda.

Sasa kosa lenyewe ni dogo tu. Mvua ilikuwa imenyesha, kuna baridi, na koti nimelibeba mkononi. Nikajiambia, ngoja nilivae mpaka nifike.

Nilipofika meneja hakuwapo. Alikuwapo Chacha, dereva wa gari la watalii, amelaza kiti anasubiri wageni, miguu imetokeza dirishani. Mara ndege ikasikika. Upepo wa mvua nao ukanipokonya kitambaa cha kichwa, nikakikimbilia mpaka pembeni kwenye udongo mweusi, ule ambao ukilowa hata mbuzi anaacha kwato. Sikukipata. Nilipoinua uso ndege imeshatua, inakuja polepole, na rubani kule nyuma ya kioo ameinua mkono.

Nikaona, kumbe huyu kijana ana adabu, ananipa pole ya msiba. Nami nikamrudishia salamu. Na kwa kuwa mtu anayeendesha ndege ni mtu mkubwa, sikuona vizuri kumsalimia kwa mkono mmoja kama naita muuza maandazi, nikainua yote miwili.

Ndege ikageuka, ikaelekea kwangu.

Nikasema labda anataka kunisogelea anisalimie vizuri, nikarudi nyuma kidogo nimpishe, mikono ikiwa bado juu (maana kuishusha katikati ya salamu ni kama umekasirika), naye akanifuata, nikarudi tena, akanifuata, na kila nilivyorudi viatu vyangu vilizidi kuzama, nami sikujiuliza kama ninazama mimi mwenye kilo hamsini, ndege je. Gurudumu la mbele likazama. Likafuata la kushoto. Bawa likainama kama la kuku aliyevunjika. Rubani akaongeza moto, ikazama zaidi, akazima.

Chacha akaja anatembea taratibu, akaiangalia ndege, akaniangalia mimi.

"Mama Ghati," akasema, "umeipaki shambani."

Rubani akashuka, tope likamfika kwenye soksi. "Mzee Marwa, leo umenifanyia nini?" Kisha akaniona vizuri, akasimama. "Wewe si Mzee Marwa."

"Mimi ni mke wake."

"Nimeona kipara kama chake na koti lake. Mzee hajawahi kunielekeza vibaya hata siku moja. Yuko wapi?"

"Tumemzika. Wiki tatu sasa."

Hakuwa na habari. Akavua kofia, akabaki ameishika mle topeni, na abiria sita wakishuka nyuma yake mmoja mmoja, na mama mmoja wa Kizungu kiatu chake kikabaki chini asikione tena. Baadaye rubani akauliza kwa upole, "Sasa mama, kwa nini ulikuwa unaniita huku?"

"Sikukuita, baba. Nilikuwa nakusalimia."

"Kwa mikono miwili?"

"Wewe ni mtu mkubwa."

Chacha aligeukia gari lake mabega yakimtetemeka.

Meneja akafika, amefunga uso kama wingu lililokuwa likija nyuma yake. "Nani ameielekeza ndege hapa?"

"Upepo, bosi," Chacha akasema.

"Kosa ni langu," rubani akasema. "Niliona koti, sikuangalia ardhi."

Wote wawili walikuwa wananifunika, na ningenyamaza (kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza) pengine yangeishia hapo. Lakini nisingeweza kwenda kulala kwenye kitanda cha Marwa na uongo huo. Nikasema, "Ni mimi. Nimekuja kuomba kazi ya mume wangu, na hili ndilo nimefanya kabla sijaomba." Maneno yote niliyoyapanga njiani yakaishia hapo.

Meneja alipiga simu, akaambiwa trekta liko Mugumu na litachukua saa tatu, na yeyote aliona kuwa mvua ingefika kabla. Ikinyesha, ndege ingelalia tumbo.

"Maksai wetu wanalima ng'ambo ya korongo," nikasema.

"Mama, hii ni ndege. Si jembe."

"Wanne," nikasema. "Nira mbili."

Rubani akakuna kichwa. "Tukishusha mizigo, na kamba zifungwe kwenye miguu miwili ya nyuma tu, na wavute moja kwa moja kurudi nyuma, mimi naruhusu."

Shemeji yangu Wambura akawaleta maksai na minyororo. Tulichimba tope nyuma ya magurudumu, tukatandika matawi, tukafunga kamba. Wambura akapaza sauti. Maksai wakaliangalia lile bawa jeupe, wakagoma. Akachapa hewani, wakageuza vichwa wanatafuta nyumbani.

"Hawa walizoea sauti ya kaka," Wambura akaniambia. "Na wewe ndiye uliyekuwa unawaongoza mbele. Waite wewe, shemeji."

Nikasimama mbele yao. Kwa wiki tatu sikuwa nimepaza sauti hata kumwita mtoto. Nikafungua mdomo nikawaita kama alivyokuwa akiwaita Marwa udongo ukiwa mgumu, kwa Kikurya, na mengine sitayaandika maana ni matusi ambayo ng'ombe peke yao ndio hawachukii. Sauti ilitoka kubwa hata mimi ikanishtua. Maksai wakainamisha shingo. Kamba zikakaza, tope likanyonya, likaachia, na ile ndege ikarudi nyuma hatua moja, ya pili, ya kumi, mpaka changarawe ikalia chini ya magurudumu, nami bado napiga kelele, kipara wazi, koti mpaka magotini, machozi na makamasi vimechanganyika na tope, wazungu wanapiga makofi, simu zote zimenielekea. Ndiyo hiyo video. Wambura alinishika bega akasema, "Basi, Mama Ghati. Imetoka." Nikaona kweli imetoka.

Rubani alizunguka ndege yote, akashika hiki na kile, akasema ni nzima. Akaruka dakika chache kabla ya matone ya kwanza.

Nikavua koti nimpe meneja. Hakulipokea.

"Jumatatu saa moja asubuhi," akasema. "Ila uache kusalimia."

Mvua mbili zimepita tangu siku ile, sijazamisha nyingine. Ndege ikiingia nasimama penye changarawe, mikono nimeibana mbavuni mpaka wakati wake, na rubani akinipungia namjibu kwa kichwa tu, anione nina kiburi akitaka. Mpaka kanisani wakisema tuinue mikono, mimi nainua mmoja, tena nikiangalia kwanza nani yuko mbele yangu.