Siku Mwandishi wa Mauaji Alipovuta Uzi wa Joho Langu

Nikisema nilisimama mbele ya ukumbi mzima kule Newtown, Johannesburg, nikionyesha bukta yangu yenye picha za mananasi, mtacheka, na chekeni tu, mimi mwenyewe nimechoka kuona haya peke yangu. Ila kwanza mjue mnaongea na nani. Nilitoka Bukavu na mkasi mmoja, shule niliiacha darasa la tano, na leo ukiuliza Troyeville fundi wa suti ni nani, hata mbwa watakuelekeza kwangu.

Mwaka 2017 binti yangu Neema alikuwa kwenye miezi ya majaribio katika duka la vitabu, na duka likamwalika mama mmoja wa Kiingereza, Madame Hilda, ambaye kazi yake ni kuua watu kwenye karatasi (watu wa kale hasa, wa enzi za mapanga na mishumaa), na mpelelezi wake ni mpiga kengele wa kanisa anayevaa joho zito la sufu. Bosi wa duka akataka joho kama lile livaliwe siku ya mgeni, lishonwe kwa mkono kama zamani. Neema akaapa mbele yake: "Baba yangu atashona kwa mkono, mshono kwa mshono."

Nilishona kwa mkono. Kola. (Hiyo kola peke yake ilinila siku nzima na vidole viwili.) Sufu nene kama godoro, cherehani ikavunja sindano tatu, basi nikakumbuka mashine ndogo ya kufungia magunia niliyonunua kwa Mburundi muuza maharage, nikajiambia nani atachungulia ndani ya joho, nikazipitisha mbavu zote mbili za joho kwa robo saa, sharp, kazi imekwisha.

Siku ikafika. Mwigizaji aliyepangwa kulivaa alikuwa mwembamba kama futi yangu ya kupimia, nikakataa, joho langu linataka mwili wenye heshima, nikalivaa mwenyewe, na kwa joto lile la Novemba ndani nikabaki na bukta tu.

Madame Hilda, mfupi, mvi tupu, akaeleza alivyoanza: alikuwa mpiga chapa ofisini, anaandika jikoni watoto wakishalala, kitabu cha kwanza kikarudishwa mara tisa, leo anavyo ishirini na kitu. (Nilimwelewa. Suti yangu ya kwanza nayo ilirudishwa.) Mtu akamuuliza wauaji wake hukamatwaje.

"Kwa kitu kidogo," akasema. "Tope kwenye kiatu. Uzi kama huu."

Akashika uzi ulioning'inia kwenye pindo langu, akauvuta.

Umewahi kufungua gunia la sukari? Frrrrr, mpaka kwapani! Nikageuka kukimbia, nikakanyaga uzi wa upande wa pili, frrrrr, joho likawa aproni mbili, moja mbele moja nyuma, zimeshikwa na kola tu (kola haikuachia, si niliwaambia niliishona kwa mkono), na feni ya ukumbini ikamalizia kazi.

"Eish, Papa!" mtu akapaza sauti huko nyuma.

Bosi akageuka: "Neema, si ulisema ni mkono?"

Mdomo wangu ulishajiandaa kusema kitambaa kibovu, na kitambaa alikinunua Neema. Lakini mwanangu akasimama, machozi karibu. "Baba yangu akisema mkono, ni mkono."

Nikaumeza ule uongo. "Neema, kaa, mwanangu. Ni mashine. Ya magunia. Yeye hakujua."

Ukumbi ukalipuka, bosi akicheka kuliko wote. Madame Hilda akafuta macho: "Miaka thelathini naandika, wauaji wangu hukiri baada ya kurasa mia tatu. Huyu amekiri kabla ya chai!" Akanifunga shali yake kiunoni, akaniketisha kando yake, akasoma sura mbili nzima huku mimi nashona zile mbavu upya kwa sindano niliyochomeka kwenye kola (sindano sikosi), watu hawajui watazame wapi. Neema akaja kunishikia kitambaa, amenuna, kisha mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mananasi, Papa? Kweli, mananasi?"

Kazini hakufukuzwa. Mwaka uliofuata kitabu kipya cha Madame Hilda kikaja dukani, Neema akanisomea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: ukurasa wa nne, fundi mnene mwenye majigambo amekutwa amekufa, uzi mkononi.

Tangu siku ile nikiambiwa mkono, nashona kwa mkono, na ile mashine nimemrudishia muuza maharage. Lakini nitajieni fundi mwingine Johannesburg nzima aliyeuawa na mama wa Kiingereza, tena kwenye kitabu chenye jalada gumu. Hayupo.