Kifurushi cha Mzee wa Kanisa

Nilipokuwa nafanya kazi katika ofisi ya vifurushi pale Elburgon, mzee mmoja wa kanisa letu aliagiza video za ngono kutoka duka la mtandaoni. Ndiye huyo huyo aliyemfukuza mwimbaji wa kwaya kwa kukutwa na video kama hizo kwenye simu. Siku hiyo alisimama mbele ya waumini akatokwa na machozi, na sisi wajinga tukamwamini. Yeye aliagiza diski kwa sababu simu yake haikosi kushikwa na wajukuu.

Kifurushi kilifika kimelowa mvua na kupasuka, majalada ya wanawake uchi yakichungulia nje. Nilimpigia simu. Alikuja mbio kutoka kiwandani kwake, koti limejaa vumbi la mbao.

“Hizi si zangu,” alisema kabla sijafungua mdomo. “Kuna mtu anataka kuniharibia jina.”

“Sawa, mzee. Basi nitazirudisha zilikotoka.”

“Hapana! Nipe nikazichome.”

Nilimsukumia daftari, akatia sahihi bila kusoma. Alishaanza kuzipekua diski moja moja, kisha akanikazia macho kwa hasira ya mteja aliyedhulumiwa.

“Mbona ni tatu? Niliagiza nne.”

Nilimcheka usoni, bila adabu yoyote. Hadi leo, akiongoza maombi kanisani, mimi huwa sifumbi macho. Namtazama tu, na amina yake siitikii.