Patapata yenye Waya ya Kijani

Wacha kuniambia ati gemu ni ileile, mashine haijalishi. Wewe hukuwa kwa ploti yetu tukiwa watoto. Juzi chaja ya simu ilipata moto, nikasikia ile harufu ya plastiki ya mashine za gemu zikichemka, na hasira yote ikanirudia.

Mashine zilikuwa mbili estate nzima. Ya beste yangu ilikuwa na fimbo ya kuchezea, unaisukuma huku na huku, na tivii yao haikuwa na rangi. Ya jirani wa ploti ya pili ilikuwa ya vifungo vya kubonyeza, na tivii ya rangi. Gemu ilikuwa moja: gari inakwepa mawe barabarani.

Mimi niliapa hakuna kitu inashinda fimbo. Nilipigana na kijana wa huyo jirani hadi shati yangu ya kanisa ikararuka, na mamangu akanichapa juu ya hiyo shati. Kwao sikuwahi kanyaga.

Jumamosi moja nikaenda kwa beste.

"Ametoka kitambo," mamake akasema.

Nikirudi nikapita kwa jirani. Mlangoni kulikuwa na patapata nyingi, na moja kamba yake imeshikwa na waya ya kijani. Hiyo waya mimi ndiye nilimfungia beste.

Beste akaniona kupitia pazia. "Ingia basi, maze. Huku mawe ni nyekundu."

"Na fimbo yetu?"

"Inauma mkono. Vua viatu, zamu yako iko karibu."

Nikasimama hapo na viatu miguuni, nikisikia gari ikigonga mawe.

Wewe ungevua?